Msusi wa Siku ya Mataifa

6 Februari 1993

Dada yangu,

Shikamoo. Najua umeshaanza kuninunia kwa kuchelewa kwangu, kwa hiyo nianze na habari njema kabla hujaikunja barua. Sisi wazima. Mwalimu wa muziki ninayepakana naye ukuta bado anapiga kinanda asubuhi kabla sijanawa uso, na kuta za nyumba hizi za walimu ni nyembamba mno, hata akikohoa nasikia. Darasa langu la chekechea mwaka huu ni la moto. Yupo mmoja anayeuma wenzake, halafu analia yeye. Mama anaendeleaje na goti lake? Mwambie dawa ni ya kupaka, si ya kumwonyesha kila mgeni anayeingia.

Kidoti hajambo. Amerefuka, sketi aliyoanzia nayo mwaka imeshakuwa fupi. Anasoma mpaka namnyang'anya kitabu mezani. Kiswahili anakielewa chote, ila akikizungumza anakwenda nacho polepole, kama mtu aliyeazima viatu.

Mwezi wa Tano shule itakuwa na Siku ya Mataifa. Hapa wapo watoto wa nchi ambazo mimi mpaka niziangalie kwenye ramani ya ukutani. Siku hiyo kila familia inapewa meza ukumbini, inapanga vitu vya kwao, mzazi anasimama na mtoto wake, na wageni wanapita meza kwa meza wakiuliza maswali. Kidoti ameshaanza kuchora bango. Mwalimu mkuu, mama mmoja mchangamfu sana, anatafuta pia wazazi wenye kazi za mikono.

Nimeona nikwambie tu, usije ukasikia kwa mwingine. Huna haja ya kujisumbua na chochote.

Mdogo wako


27 Februari 1993

Mdogo wangu,

Marahaba. Kununa nilinuna, lakini barua imefika, basi yameisha. Mama amesikia maneno yako kuhusu goti na amesema wewe ndiye uliyekuwa ukilia ukichomwa mwiba, leo umekuwa daktari. Saluni inakwenda. Fundi saa wa mlango wa pili bado anakuja kukaa kwenye benchi langu akisema anasubiri wateja, na wateja wangu wanadhani ni mume wangu. Nimechoka kukanusha.

Nimesoma habari ya hiyo siku mara nyingi. Nataka kuja.

Usianze kunihesabia umbali wa safari. Nilimkabidhi kwako akiwa na pengo la meno ya mbele, na picha ya mwisho uliyoniletea meno yote yamejaa. Kumwona Julai nitamwona, kwa sababu Julai anamaliza shule ya msingi na anarudi nyumbani kama tulivyokubaliana. Lakini hiyo siku ni ya watu kusimama na watoto wao. Mimi ninaye mtoto.

Ningekupigia simu, ila simu yenu iko ofisini kwa karani, na mambo haya si ya masikio ya karani. Kwa hiyo nijibu kwa maandishi, wazi, usizunguke kama kawaida yako. Kwenye hiyo meza, atakayesimama na Kidoti ni nani?

Dada yako


11 Aprili 1993

Dada,

Shikamoo. Naomba usinipigie kelele. Chekechea nzima iliugua tetekuwanga, tukawa tunawapaka dawa watoto mpaka mikono ikawa myeupe. Halafu yakaja maandalizi ya mitihani. Mwalimu wa muziki naye aliambukizwa, mtu mzima na ndevu zake, akawa anajikuna ukutani usiku kucha. Kidoti hakupata, kwa kuwa aliugua akiwa kwako. Alinikumbusha mwenyewe.

Sawa, sasa nakujibu.

Dada, hujasahau jinsi alivyoipata nafasi hii. Shule inamsomesha bure mtoto wa mfanyakazi, na wanaposema mtoto wanamaanisha wa kumzaa. Niliwaeleza mwanzoni kwamba mtoto wa dada yangu ni mtoto wangu. Karani akacheka kwa upole, akasema hilo ni zuri sana lakini kanuni haina sehemu yake. Kesho yake nikarudi nikasema ni wangu, nimemzaa mimi. Wewe ulikubali, tena ulisema mbona hilo ni dogo. Tangu hapo shuleni ananiita mama. Mwalimu mkuu anapenda nguo zetu, nywele zetu, salamu zetu ndefu. Anapenda kila kitu cha kwetu kinachokaa juu ya meza. Akijua hili, Kidoti anatolewa kabla ya mtihani na mimi nafuata nyuma na sanduku langu.

Sisemi usije. Nimewaza sana mpaka nimepata njia. Mwalimu mkuu anatafuta mtu wa kazi ya mikono, nimemwambia dada yangu ni msusi na amefurahi kupita kiasi. Uje usuke nywele za watoto. Uje kama dada yangu, na ndivyo ulivyo. Kidoti atakuita mama mkubwa. Nimeshamweleza naye ameelewa, unajua alivyo mwepesi.

Ni siku moja tu, dada.

Mdogo wako


24 Aprili 1993

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama hajambo.

Nimeukasirikia huo ukurasa wako siku kadhaa, kisha nimeona hasira haitanipandisha basi. Nitakuja. Nitakuwa mama mkubwa. Nimeshafanya mazoezi mbele ya kioo cha saluni, mpaka fundi saa akauliza nazungumza na nani.

Nina sharti moja. Mtu yeyote asimguse nywele kabla sijafika. Mwoshe, mkaushe, mwache hivyo hivyo.

Dada yako


30 Mei 1993

Mdogo wangu,

Nimefika salama. Mama anashukuru kwa khanga, ameshaivaa na kuizungusha mtaa mzima. Safari ya kurudi ilikuwa nzuri kuliko ya kuja, angalau safari hii basi halikulala mpakani. Kule kuharibika kwake ndiko kulikoniponza. Nilipanga kulala kwako, tuamke pamoja, nimwone akipiga mswaki. Badala yake nikafika asubuhi watu wameshaanza kuingia ukumbini, na jioni ilibidi niondoke na basi lile lile. Tangu getini mpaka stendi hatukupata nafasi ya kuwa watatu peke yetu. Kila nilipogeuka alikuwapo mwalimu wako wa muziki au mwalimu mkuu na kamera yake.

Ukumbi ulipendeza, sitasema uongo. Zile bendera, zile meza, wazazi wamevaa vizuri na kila mmoja anajivunia chake. Mliniweka mahali pazuri karibu na dirisha. Nimesuka vichwa vya kila aina siku ile, mdogo wangu. Kuna mvulana ambaye nywele zake zilikuwa laini mpaka zinateleza vidoleni, kila nikimaliza msuko unafumuka wenyewe, naye anacheka. Mwalimu mkuu akakaa pembeni yangu, wewe ukitafsiri, akasema amependa jinsi kazi hii inavyomweka mtoto karibu na mama yake. Ulitafsiri huku unaangalia sakafu.

Halafu Kidoti akaja. Alipanga foleni kama wenzake, ilipofika zamu yake akakaa chini katikati ya magoti yangu. Nilipogawa nywele nikaliona lile doa lake chini ya kisogo, lililompa jina, liko pale pale nilipoliacha. Mikono yangu ilikijua kichwa kile. Nilisuka polepole kadiri nilivyoweza, misuko myembamba isiyo na sababu, mpaka watoto wa nyuma wakaanza kunung'unika. Nilingoja aegemee. Mtoto anaposukwa na mtu wake huegemea, shingo inalegea, anaweza hata kusinzia. Yeye alikaa wima mpaka mwisho. Nikainama nikamnong'oneza, "Umekula?" Akajibu kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "Ndiyo, mama mkubwa, asante."

Nilipomaliza akasimama, akajiangalia kwenye kioo, akasema asante sana mama mkubwa, akarudi kusimama na wewe mezani. Watu walikuwa wanawasifu. Kweli mnafanana.

Stendi alinipa mkono akainamisha kichwa, kama wanavyofundishwa kumuaga mgeni. Nilimwangalia dirishani mpaka gari la shule likageuka. Hakugeuza uso.

Nilikuwa nimejiandaa kumwona mtoto anayeigiza. Yule hakuwa anaigiza. Amenisahau, na wa kulaumiwa si yeye, maana nilimtoa akiwa mdogo na tukamwambia asiniite. Nimelia njia nzima, abiria wa pembeni akadhani nina msiba.

Kwa hiyo nimeamua. Sitakuja Julai. Akifaulu, aendelee hapo hapo sekondari. Sitamng'oa mtoto mahali alipoota mizizi ili tu niitwe jina. Mlee vizuri.

Dada yako


3 Julai 1993

Dada,

Shikamoo. Mpe mama pole ya goti, na mwambie khanga nyingine itakuja.

Barua yako nimekaa nayo. Niseme ukweli, nilipoisoma nilifurahi. Nilikwenda bafuni nikafunga mlango, nikafurahi peke yangu. Sina mtoto, dada, na kadiri Julai ilivyokuwa ikikaribia nilikuwa nalala roho mkononi. Matokeo yalipotoka, Kidoti amefaulu vizuri sana, nikaenda kwa mwalimu mkuu nikamwambia binti yangu anaendelea. Wiki iliyopita ndipo nikamwambia Kidoti mwenyewe. Nilimwambia mama amekubali ubaki.

Alikuwa anapiga pasi sare yake. Akaiweka pasi pembeni, akauliza, "Nilikosea wapi?"

Sikumwelewa. Akaniuliza tena, taratibu, kama ananifundisha. Mama alisema atakuja kunichukua. Sasa hanichukui. Kwa hiyo kuna mahali nilikosea siku ile. Ni pale aliponiuliza kama nimekula?

Dada, mimi ndiye niliyemwambia akikuita mama mara moja tu mbele ya watu, sote watatu tumekwisha. Nilidhani nimesema kama tunavyosema na watoto. Yeye alilichukua kama somo. Kila alasiri alikuwa anajifungia bafuni anarudia mama mkubwa, mama mkubwa. Aliniuliza kama atabasamu au asitabasamu. Aliniuliza kama akiegemea magoti yako watu watagundua. Nikamwambia akae wima tu. Stendi hakugeuka kwa sababu mwalimu mkuu alikuwa amekaa naye kiti cha nyuma, na Kidoti tayari alikuwa analia.

Ile misuko yako hajaifumua mpaka leo. Nywele mpya zimeota chini yake, imechakaa, juzi wamepiga picha ya darasa na mwalimu wake ameniita kuniuliza kwa nini simtunzi mtoto. Nikimkaribia na kitana ananishika mkono kwa nguvu na kusema hapana. Analisema kwa Kiswahili, wala hachelewi kulitafuta neno.

Nimejaribu kumweleza kwamba hakukosea. Mimi haniamini tena. Ungeniuliza mwezi uliopita nisingekwambia haya. Sasa nimekwambia, amua wewe.

Mdogo wako


14 Julai 1993

Mdogo wangu,

Mwambie hakukosea mahali popote. Acha kusoma, kamwambie kwanza, ndipo uendelee.

Mwambie alifanya vizuri kuliko mimi na wewe. Alifanya vizuri mpaka mama yake mwenyewe akaamini, na kosa la kuamini ni langu. Mtoto nilimshika kichwani, nikauona ukakamavu wa shingo ile, na mimi nashika shingo za watoto kila siku. Nikasema amenisahau. Haikunijia kwamba anajikaza.

Nimekukasirikia, sifichi. Nimejikasirikia zaidi, kwa sababu mimi ndiye niliyesema hilo ni dogo. Tumemfundisha mtoto kumficha mama yake, naye amejifunza kama anavyojifunza kila kitu, akapata alama zote.

Nakuja na basi la wiki ijayo kumchukua. Najua anachokiacha na ninakomleta. Huku darasa ni la kubanana, madirisha nusu hayana vioo, na nyumbani atalala chumba kimoja na bibi yake na hadithi za goti. Huenda siku moja atanilaumu. Kama atanilaumu, anilaumu kwa jina langu.

Wewe usiogope kazi yako. Nikifika getini nitasema mimi ni mama mkubwa, nimekuja kumchukua kwa likizo. Nitalisema mara ya mwisho, kwa ajili yako, kwa sababu ulimlea na ulimlea vizuri. Hayo mengine mwalimu mkuu utamweleza mwenyewe tukishavuka mpaka.

Zile nywele usiziguse.

Dada yako


22 Septemba 1993

Dada,

Shikamoo. Natumaini mlifika salama, nimesubiri barua sijaiona, labda iko njiani. Mimi mzima. Yule wa kuuma wenzake amehamia darasa la juu, na mwaka huu nimepata wawili. Mwalimu wa muziki siku hizi hapigi kinanda asubuhi. Nadhani ananionea huruma.

Mwalimu mkuu nilimwambia Kidoti amekwenda kusoma karibu na bibi yake anayeumwa. Alinishika bega, akasema ni jambo zuri sana mtoto kujua kwao. Picha yetu ya Siku ya Mataifa wameibandika kwenye korido ya kuelekea ofisini, mimi na Kidoti mezani, chini wameandika mama na binti. Wewe uko nyuma kabisa, umeinamia kichwa cha mtoto wa watu. Napita hapo kila asubuhi.

Chumba chake sijakigusa. Nimejaribu kufunga vitabu alivyoacha nivitume, nikaishia kukaa kitandani kwake. Nina huzuni, dada, na hapa sina wa kumwambia ni huzuni ya nini. Wanajua tu kwamba mwanangu yuko kwa bibi yake.

Kitu kimoja nakuomba, na sikuombi kwa ubaya. Kila ninayekutana naye ananiuliza mwanangu anaendeleaje. Mlinzi wa getini, karani, wazazi wa chekechea, wale rafiki zake wawili wanaokuja kugonga mlango. Mara ya kwanza nilisema hajambo. Mara ya pili wakataka kujua zaidi, nikarudia hajambo, wakaniangalia. Mama gani hajui habari za mtoto wake?

Sitakuuliza anakuita nani wala mimi ananitajaje. Niandikie tu, hata ukurasa mmoja kwa mwezi. Amerefuka kiasi gani, darasani anakaa na nani, ameugua, amepona, amecheka nini. Nitawaambia hivyo hivyo ulivyoandika. Sitaongeza neno langu hata moja.

Mdogo wako